Protoni si Gunia: Uhakiki wa Maneno Yatumikayo Kuyaeleza Mambo ya Ndani ya Protoni

Katika miswada ya sayansi iletwayo kwetu ili istilahi zake zikaguliwe, iko sentensi moja ambayo hujirudia kwa maneno yale yale au yanayokaribiana nayo, kwamba protoni imeundwa na kwaki tatu zinazozunguka ndani yake. Mfasiri huiandika bila kusita, mhariri huipitisha, na mwalimu huisoma darasani. Neno pekee linalowatia watu shaka ni kwaki, na hilo ndilo wanaloliulizia. Je, tuseme kwaki, au kwarki, au kuaki? Au tutafute neno la Kibantu? Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali hilo ni dogo. Upungufu mkubwa wa sentensi ile umo katika maneno yake ya kawaida, yaani yale ambayo hakuna anayeyaulizia: imeundwa, na, tatu, zinazozunguka.

Tulimalize kwanza lile dogo. Mwaka 1964 wanafizikia wawili, Murray Gell-Mann na George Zweig, walitoa kila mmoja kwa upande wake rai kwamba protoni si kitu kimoja kisichogawanyika, bali mna chembe nyingine ndani yake. Zweig aliziita kwa jina la karata yenye alama moja, ile ambayo wachezaji wetu huiita ree. Gell-Mann alikuwa na sauti tu kichwani mwake, kisha akaipatia tahajia katika riwaya ya James Joyce iitwayo Finnegans Wake, ya mwaka 1939, na jina lake ndilo lililoshinda. Neno ambalo hata katika lugha yake lilichaguliwa kwa sauti halina maana ya kutafsiriwa, na kulitafutia tafsiri ni kupoteza muda. Hapana budi tulikope, na tulikope kama tulivyokopa mengine ya umbo lake. Kiswahili kilipopokea kadi, Machi na kupaki kiliiacha ile r iliyo mbele ya konsonanti, basi na hapa iachwe. Tuseme kwaki, kwaki hii na kwaki hizi, katika ngeli ile ile ya elektroni na protoni. Lau jina la Zweig lingeshinda tungekuwa na ree tatu ndani ya protoni, na wacheza karata wangekuwa na mengi ya kusema.

Tuje sasa kwenye imeundwa na. Mswahili husema kwamba jahazi huundwa na fundi kwa mbao na misumari. Baada ya kitenzi cha kutendwa, na hututajia mtenda, na kwa hututajia kitu kilichotumika. Tukiifuata kanuni hiyo ya wazee, asemaye kwamba protoni imeundwa na kwaki amezifanya kwaki kuwa ndizo mafundi. Najua kwamba matumizi ya leo yamelegeza mpaka huo, na sipendi kuonekana kuwa nagombana na kila kihusishi. Hata hivyo katika fizikia kulegea huko kuna gharama. Kitenzi kuunda, ama kikifuatwa na na ama kikifuatwa na kwa, humpa msomaji picha ya kitu kilichopatikana kwa kuunganisha vipande, na uzito wake ni jumla ya uzito wa vipande hivyo. Meza yenye miguu minne na ubao mmoja ina uzito wa miguu minne na ubao mmoja. Protoni haiko hivyo hata kidogo.

Hesabu zake zafahamika. Wanafizikia hupima tungamo la chembe hizi kwa kipimo cha megaelektronivolti. Protoni nzima ina 938 hivi. Kwaki zake tatu, ambazo mbili ni za aina moja na ya tatu ni ya aina nyingine, zina 2.2 hivi, tena 2.2, na 4.7 hivi. Jumla haifiki 10. Yaani vipande vyenyewe, tukiviita vipande, ni kama sehemu moja tu katika mia ya kile kinachosemwa kimeundwa navyo. Sehemu 99 zilizobaki hazitokani na kipande cho chote. Zatokana na nishati ya mwendo wa kwaki pamoja na nishati ya kile kinachozifunga, kwa kanuni ambayo Einstein aliitoa mwaka 1905, kwamba nishati na tungamo ni kitu kimoja kilichopimwa kwa namna mbili.

Nilipokuwa Mzenga, wilayani Kisarawe, katika kazi ya kukusanya msamiati wa kilimo na ufundi, nilipata bahati ya kuijaribu sentensi yetu mbele ya watu ambao hawakuwa na sababu ya kuionea haya. Mzenga ni kata yenye kituo cha reli ya TAZARA, reli ambayo ilikabidhiwa mwaka 1976, na watu wake hulima mihogo na korosho. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupima korosho kwa miaka mingi, na pamoja naye alikuwapo mwalimu kijana wa shule ya sekondari. Baada ya maamkizi na kukaribishwa mkekani, mwalimu alimweleza mzee kwamba protoni ni kama gunia, na kwaki ni kama korosho tatu zilizomo. Mimi nikaongeza habari ya uzito.

Mzee alifikiri kidogo. "Mwanangu," aliniambia, "mtu akiniletea gunia la kilo 80, na ndani yake mna korosho za kilo moja tu, mimi silinunui. Hizo kilo nyingine ni za nini?"

Nikamjibu kwamba ni za mwendo wa korosho zenyewe, na za kile kinachozizuia zisitoke.

"Basi hilo si gunia," alisema. "Kwa nini mwaliita gunia?"

Mwalimu alicheka, lakini jioni hiyo alinieleza jambo ambalo lingewapasa wafasiri walifikiri. Ubaoni, alisema, yeye huandika Kiingereza, kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Lakini wanafunzi wake wametoka shule za msingi walikofundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo baada ya kuandika hugeuka na kuwaeleza kwa Kiswahili, na kile wanachokwenda nacho nyumbani ni maelezo hayo wala si maandishi ya ubaoni. Hali hii haikuanza jana. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia shule za sekondari, na mwaka 1984 serikali ikaamua kuendelea na Kiingereza. Tangu wakati huo fizikia ya Kiswahili imekuwa fizikia ya mdomo. Haichapwi, haihaririwi, wala haisahihishwi. Mwalimu akisema gunia hapana mtu wa kumwambia kwamba si gunia, isipokuwa amkute mpima korosho.

Hapa ndipo nionapo upungufu wa kazi yetu sisi wenyewe wa istilahi. Orodha za Tafsiri Sanifu za Baraza, na hata Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ambayo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliitoa mwaka 1990, kazi kubwa isiyostahili kubezwa, zimejaa nomino. Mfasiri atapata jina la kila kitu, lakini hatapata msaada wa kutosha juu ya kile ambacho kitu hicho hukitenda. Akiachwa peke yake na kitenzi, huchukua kilicho karibu. Na kitenzi kilicho karibu kwa mambo ya atomi ni zunguka.

Asili ya zunguka yaeleweka. Mwaka 1911, baada ya majaribio ya kurushia chembe kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu mjini Manchester, Ernest Rutherford alionyesha kwamba karibu tungamo lote la atomi limekusanyika mahali padogo mno katikati. Mwaka 1913 Niels Bohr alizipa elektroni njia za kuizunguka sehemu hiyo ya kati, mfano wa sayari na jua. Picha hiyo ilikuwa nzuri sana, na ingawa wanafizikia wenyewe waliiacha katika miaka ya 1920, vitabu vya shule havikuiacha. Kwa elektroni naweza kuivumilia. Elektroni angalau ina kitu cha kukizunguka. Lakini mfasiri alipofika kwenye protoni aliibeba picha ile ile akaiingiza ndani, na hapo ndipo ninapouliza kwaki zinakizunguka kitu gani. Katikati ya protoni hamna jua. Hamna cho chote ambacho kwaki tatu zingekifanyia tawafu.

Jambo hilo si la kubuni, maana limepimwa. Kuanzia mwaka 1967 wanafizikia wa Stanford, huko California, walitumia mashine yenye urefu wa kilomita 3 kuzirusha elektroni kwa kasi kubwa mno zikagonge protoni. Kama protoni ingekuwa kitu laini kilichosambaa sawasawa, kama uji, elektroni zingepita kwa kupinda kidogo tu. Badala yake nyingi kuliko ilivyotazamiwa zilipinda sana, kana kwamba zimegonga vitu vidogo na vigumu ndani ya uji huo. Mwaka 1969 Richard Feynman aliviita vitu hivyo partoni, kwa tahadhari, bila kusema kwamba ndivyo kwaki za Gell-Mann. Baadaye ilidhihirika kwamba kwaki zimo miongoni mwake. Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1990. Katika vipimo hivyo vyote hakikuonekana kiini cha protoni. Kwa sababu hiyo nawasihi wafasiri waliache fungu hilo la maneno. Atomi ina kiini, yai lina kiini, mti una kiini, ila protoni haina. Akitaka kusema sehemu ya ndani, na aseme ndani.

Basi kwaki huendaje? Protoni ni ndogo mno, nusu-kipenyo chake ni femtomita 0.84. Tukiikuza protoni ya haidrojeni mpaka ilingane na korosho moja yenye upana wa sentimita 2 na kuiweka jukwaani pa stesheni ya Mzenga, ukingo wa atomi yake utakuwa zaidi ya mita 600 kutoka pale. Na kwa kanuni ambayo Werner Heisenberg aliitoa mwaka 1927, kitu kikibanwa mahali padogo hakitulii. Kadiri kinavyozidi kubanwa ndivyo mwendo wake unavyozidi kutawanyika. Kwaki zilizobanwa katika upana huo huenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, huku na huko, bila njia maalumu, na bila hata moja kupata nafasi ya kutoka.

Jioni ile Mzenga tulilirudia swali hili, na mwalimu alisema labda tuseme kwamba kwaki zinatembea. Mzee alilikataa neno hilo mara moja. "Panya walionaswa ndani ya gunia hawatembei, wala hawazunguki," alisema. "Wanafurukuta."

Sijui neno jingine la Kiswahili linalotosha zaidi. Kufurukuta ni kwenda huku na huko kwa nguvu ukiwa umefunikwa au umefungiwa, na ni neno la siku nyingi, halikutungwa na kamati. Limebeba kwa pamoja mambo mawili ambayo lugha nyingine huyasema kwa maneno mawili, mwendo na kifungo. Kufurukuta bila kufungiwa hakuna. Tena kitenzi hiki chatoa nomino yake bila shida, mfurukuto wa kwaki, na tungamo la protoni laweza kuelezwa kwa sehemu kubwa kuwa ni nishati ya mfurukuto huo pamoja na nishati ya kifungo. Wako watakaopinga kwamba neno hili ni la viumbe vyenye uhai na hamu ya kutoka. Nawajibu kwamba maji hukimbia, bahari huchafuka na moto hulala, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba moto una kitanda. Sera yetu ya istilahi yatuagiza tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kwenda Kibantu, na Kibantu kabla ya kwenda ng'ambo. Mara nyingi agizo hilo hutajwa katika hotuba na kusahauliwa mezani.

Kuna kifaa kingine cha lugha yetu ambacho wafasiri hawakitumii ipasavyo, nacho ni vile viambishi vitatu vya mahali. Twasema kitu kipo, kiko, au kimo. Kilichopo kina mahali dhahiri, kilichoko kina mahali pasipo dhahiri, na kilichomo kimo ndani ya kitu kingine. Mwanafizikia anapotaka kusema kwamba haiwezekani kuionyesha kwaki kwa kidole ukasema ipo pale, ila ni hakika kwamba imo, hulazimika kutumia aya nzima. Sisi twaweza kulisema kwa silabi moja. Kwa hiyo, pale paandikwapo kwamba protoni imeundwa na kwaki, napendekeza tuandike kwamba ndani ya protoni mna kwaki. Sentensi hiyo ni fupi, ni Kiswahili safi, tena haimwahidi msomaji vipande vya kuunganisha.

Tatu nalo lahitaji uangalifu. Mashine ya HERA mjini Hamburg, iliyofanya kazi toka 1992 hadi 2007, ilizigonga protoni kwa elektroni kwa nishati kubwa zaidi kuliko ile ya Stanford, na kadiri wapimaji walivyochungulia kwa makini ndivyo walivyozidi kuona mengi: kwaki, vinyume vya kwaki, na gluoni, ambazo ndizo chembe zipitishazo kani ifungayo kwaki. Jozi za kwaki na kinyume chake huzuka na kutoweka wakati wote. Mtumishi wa hesabu atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Katika daftari la fedha huenda zimeingia na kutoka shilingi elfu nyingi, lakini ukijumlisha mapato yote na kuondoa matumizi yote, bakaa ni shilingi tatu. Ile tatu ya kwaki ni bakaa. Ukiondoa vinyume vyote katika kwaki zote, zitabaki tatu daima, na hizo ndizo ziipazo protoni chaji yake: mbili zenye chaji chanya ya theluthi mbili kila moja, na moja yenye chaji hasi ya theluthi moja. Hizi za bakaa tuziite kwaki za kudumu, na zile za jozi tuziite kwaki za kupita. Nimeona bahari ya kwaki ikitumika kwa zile za pili, kwa kuiga lugha ya kigeni. Kwa mtu wa pwani bahari ni mahali panapoanza palipoishia nchi kavu, na mwanafunzi atauliza ufuko uko wapi.

Nimekwisha kulitumia neno tungamo mara kadhaa na wako watakaoniuliza kwa nini si masi, ambalo limezoeleka mashuleni. Masi si baya. Ila tungamo latokana na tungama, yaani kuganda kama damu au maziwa, na kwa protoni latufaa kwa namna ambayo waliolichagua hawakuikusudia. Tungamo la protoni, kwa sehemu zake 99 katika mia, ni nishati iliyotungama. Na kwa sadfa ya ajabu, katika Kijerumani neno lile lile la Gell-Mann, kwa tahajia ile ile, ni jina la maziwa yaliyogandishwa. Sadfa hiyo si hoja ya kiisimu na sitaki ichukuliwe hivyo. Lakini uzito wa mzani nao usiingizwe hapa. Uzito tumwachie mpima korosho.

Fujo kubwa kuliko zote imo katika nguvu. Neno hili twalitumia kwa nguvu za mtu, nguvu za umeme, nguvu za kani na nguvu za nishati, na hata chombo chetu cha taifa kinachosimamia mionzi kinaitwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ilhali wizara inayohusika na umeme na gesi ni Wizara ya Nishati. Jirani zetu wa Kenya nao wana Wizara ya Kawi. Majina ya vyombo yaliyokwisha sajiliwa tuyaache yalivyo, lakini mfasiri wa fizikia hana ruhusa ya kuchanganya. Kani ndiyo isukumayo au ivutayo, nishati ndiyo itumikayo au ihifadhiwayo, na nguvu tuiache kwa maneno ya kila siku. Asiyefuata mpaka huu atajikuta akiandika nguvu yenye nguvu, kwa kuwa kani ifungayo kwaki ndiyo kali kuliko zote zijulikanazo. Tuiite kani kali, na ile nyingine kani dhaifu.

Tabia ya kani kali yenyewe ni ngeni, na kitenzi kibaya chaweza kuiharibu. Mvutano wa sumaku hupungua vitu vinapoachana. Kani kali haipungui hivyo. David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walionyesha mwaka 1973 kwamba kwaki zikikaribiana sana karibu hazivutani kabisa, na kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Lakini zikitenganishwa, kani hiyo hudumu, nayo hufikia kiasi cha uzito wa tani 16, baina ya chembe mbili ambazo hakuna darubini itakayozionyesha. Anayevuta zaidi hafaulu kuichomoa kwaki. Nishati anayoitia hugeuka kuwa jozi mpya, na badala ya kwaki moja mkononi anapata chembe kamili nyingine. Kwa hiyo kusema kwamba kwaki zimeshikamana, kama inavyoandikwa mara nyingi, ni kusema kinyume. Vilivyoshikamana vimegandana vikikaribiana. Kwaki zikikaribiana huwa huru, na hufungwa zinapojaribu kuachana, kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu. Hatambui kwamba amefungwa mpaka afike mwisho wa kamba. Zimefungwa basi, wala hazikushikamana. Na kwa sababu hiyo hiyo gluoni isiitwe gundi, ingawa jina lake limetoka huko. Gundi hukauka ikatulia. Gluoni hazitulii, tena zenyewe hubeba karibu nusu ya mwendo wote wa protoni. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2018 na maabara ya Jefferson huko Marekani vilionyesha kwamba katikati ya protoni mna kanieneo kubwa isukumayo kwenda nje, na karibu na ukingo kani hugeuka ikaelekea ndani. Huwezi kuyapata hayo kwa gundi.

Yaliyobaki ni ya kupita upesi. Wanafizikia walizipa kwaki sifa waliyoiita rangi, na nyingine waliyoiita ladha, na hii ya pili husimuliwa kwamba ilizuka mbele ya duka la aiskrimu. Rangi ibaki, kwa kuwa mfano wake una sababu: rangi tatu za mwanga, nyekundu, kijani na buluu, zikichanganywa hutoa nyeupe, na kwaki tatu za protoni zikichanganywa hutoa kitu kisicho na rangi. Aliyependekeza nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa hoja kwamba hizo ndizo rangi zenye mashina ya sifa katika Kiswahili, amelinda sarufi akaua fizikia. Ladha iondoke. Haina sababu yo yote, na aina yatosha. Aina zenyewe ni sita, na wafasiri huandika kwaki ya juu na kwaki ya chini kwa zile mbili za protoni. Kile kiunganishi ya huifanya juu kuwa mahali, na msomaji hudhani moja imekaa darini. Kiondolewe, tuseme kwaki-juu na kwaki-chini, kama majina tu. Ile ngeni iwe kwaki-geni. Ile ambayo jina lake laweza kufasiriwa haiba au mvuto iwe kwaki-haiba, maana mvuto utaigonga kani ya uvutano. Kwa zile mbili za mwisho, kilele chafaa kwa ya kwanza. Kwa ya pili liko pendekezo la tako, kwa mfano wa tako la bunduki. Mwenye pendekezo hilo hajawahi kusimama mbele ya kidato cha kwanza.

Spini tuikope kama ilivyo. Wengine huandika mzunguko, na tumeshaona shida ya mzunguko. Kwaki haizunguki kama pia. Mwaka 1987 kundi la watafiti wa maabara ya CERN, iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, liligundua kwamba spini ya protoni hutokana kwa sehemu ndogo tu na spini za kwaki, na hesabu za leo zaipa sehemu hiyo kama theluthi. Zilizobaki huhesabiwa kwa gluoni na kwa mwendo wa kwaki ndani ya kifungo chao. Mfasiri aliyeandika mzunguko kwa spini ataandika nini afikapo kwenye ule mwendo?

Lipo neno moja ambalo bado halijakaa vizuri, nalo ni lile la kinyume cha kwaki. Katika makala haya nimesema kinyume kwa kuwa laeleweka, lakini kinyume cha kitu katika Kiswahili ni pia upande wake wa pili, kama kinyume cha nguo, na kinyume cha kwaki si upande wake. Wengine hutumia kinza, kutoka kinzana, na kinza-kwaki lina faida ya kuwa fupi na kukubali kuunganishwa na elektroni na protoni vilevile. Kasoro yake ni kwamba kwaki na kinza-kwaki zikikutana hazikinzani, bali hutoweka zote mbili zikaacha nishati. Walimu wa fizikia na wafasiri walio na neno jingine, hasa lililosikika kwa wasemaji wala halikutungwa mezani, walilete kabla ya kikao cha usanifishaji.